Duka la Dawa Lisigeuke Kijiwe: Dhima ya Wafamasia Katika Kuwakinga Vijana Wetu

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyejaalia kwa kila maradhi dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, Sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, yamesemwa mengi juu ya mimbari za misikiti yetu, kuanzia Horohoro mpaka Pangani, kuhusu balaa la unga. Maimamu wamekemea, wazazi wamelia, na vijana wameendelea kuzikwa. Katika maneno yote hayo adui hutajwa kuwa ni mtu wa mbali: mwenye jahazi lililotoka ng'ambo, tajiri asiyejulikana sura, mpita njia za panya usiku wa manane. Hayo ni kweli, wala hatuyapunguzi. Lakini upo mlango mwingine ambao hatuuzungumzi, nao haufunguliwi usiku. Unafunguliwa asubuhi, una kibao juu yake na leseni iliyotundikwa ukutani, na huenda mwenyewe anaswali safu ya kwanza pamoja nasi. Mlango huo ni duka la dawa.

Makala hii haikuandikwa ili kuwatuhumu wafamasia. Wengi wao ni watu wa amana, na mgonjwa asiye na uwezo wa kumlipa daktari huenda kwao kutaka ushauri kabla ya kwenda kokote. Tunachokusudia ni kubainisha kwamba, baada ya wazazi, ni watu wachache mno wenye uwezo wa kuzuia ulevi wa dawa kama alionao mfamasia, na kwamba uwezo huo ni dhima atakayoulizwa.

Mwambao wetu na njia ya unga

Kwa zaidi ya miaka thelathini mwambao huu umekuwa njia ya heroini. Mzigo hutoka Afghanistan, hupakiwa katika majahazi kwenye pwani ya Makran, baina ya Iran na Pakistan, kisha huvuka bahari ile ile waliyoivuka wafanyabiashara wa zamani kwa pepo za kaskazi. Mwezi wa Machi 2010 zilikamatwa kilo 95 mkoani Tanga. Januari 2012 zikakamatwa zaidi ya kilo 200 mkoani Lindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ikanasa zaidi ya tani moja katika bahari iliyo mkabala na Mombasa. Na Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa.

Mzigo upitao hauachi kudondosha. Ulidondosha hapa petu, katika mji ambao viwanda vyake vilifungwa na mashamba yake ya mkonge yakasinyaa, vijana wakabaki wamekaa vibarazani. Leo mji unaamka tena: bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta linalotoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Fedha na wageni vinaingia. Mwenye akili anajua kwamba panapoingia fedha na wageni, wauza ulevi nao hawako mbali.

Sasa dola inaiziba njia ya bahari, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Ila pana jambo moja ambalo hatuna budi kulielewa. Unga unapoadimika, mwili wa mraibu hausubiri. Arosto humpanda: mifupa humuuma, hutapika, huharisha, hutokwa na jasho baridi, na usingizi humruka. Katika hali hiyo atatafuta chochote cha kumtuliza, na kilicho karibu naye kuliko vyote ni kidonge. Tukiufunga mlango wa bahari na tukauacha wazi mlango wa duka, tutakuwa tumemhamisha kijana kutoka shimo hili kwenda shimo lile.

Dawa hizi ni zipi?

Serikali huziita dawa tiba zenye asili ya kulevya. Miongoni mwazo ni kodeini, ambayo hutiwa katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Tramadoli, inayotolewa kwa maumivu makali. Pethidini na mofini, zinazotumika mahospitalini. Na diazepam, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Valium, ya kutuliza wasiwasi na degedege. Zote hizi ni neema. Aliyevunjika mguu, aliyefanyiwa upasuaji na mwenye saratani hujua thamani yake.

Lakini kodeini, tramadoli, pethidini na mofini ni jamaa moja na heroini: huingia katika ubongo kwa mlango ule ule, na mwili ukizizoea hudai ziada kila siku. Diazepam ni ya kabila jingine, nayo huzoewa vile vile. Makabila haya mawili yakikutana ndani ya mwili mmoja, kila moja hupunguza pumzi za mtu. Mtumiaji hulala, akapumua polepole, kisha asiamke. Tramadoli ikizidi huleta degedege. Na aliyeizoea diazepam kwa muda mrefu akiikata kwa ghafla, yeye naye anaweza kushikwa na degedege. Kwa hiyo si kila anayehitaji kuachishwa huachishwa kwa kunyang'anywa. Wengine huhitaji daktari wa kuwapunguzia kidogo kidogo.

Ndugu zetu wa Mombasa waliuonja mtihani huu mapema, pale vidonge vya Rohypnol, walivyoviita bugizi, vilipoenea mitaani mwao. Nchini Nigeria, dawa za kikohozi zenye kodeini zilienea mno, hasa katika majimbo ya kaskazini yenye Waislamu wengi, hata serikali ikapiga marufuku kuzitengeneza na kuziingiza nchini mwezi wa Mei 2018. Nako Marekani, msiba uliowapata haukuanzia kwa wauza unga wa vichochoroni. Ulianzia katika vidonge vya maumivu vilivyoandikwa na madaktari na kutolewa na maduka ya dawa tangu miaka ya 1990. Vidonge vikafungua njia ya heroini, na heroini ikafuatiwa na fentanili. Mwaka 2021 peke yake zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa. Hilo ni taifa lenye hospitali na wakaguzi wengi kuliko sisi. Sisi tuna nini cha kutupa usalama, kama si uadilifu wa mtu aliyesimama nyuma ya kaunta?

Hukumu ya mwenye kuuza

Wapo wanaosema: "Mimi nauza dawa, na dawa ni halali. Anayekwenda kulewa, dhambi ni yake." Maneno haya yana sura ya hoja, lakini wanavyuoni wameshayajibu kabla hatujazaliwa. Zabibu ni halali. Hata hivyo wengi wao wamemkataza mwenye zabibu kumwuzia yule anayemjua kuwa atazigeuza pombe. Upanga ni halali. Wamekataza kuuzwa wakati wa fitna. Msingi wao ni kuziba njia za uharibifu, na asili yake ni katazo lililomo katika aya ya pili ya Suratul-Maida, la kuwa wasaidizi wa dhambi. Kilicho halali katika mkono huu huweza kuwa haramu kukitia katika mkono ule, kwa sababu ya elimu aliyonayo muuzaji.

Tena Abu Dawud amepokea kutoka kwa Bibi Ummu Salama (r.a.) katazo la Mtume (s.a.w.) juu ya kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza mwili, kwa hiyo hakuna nafasi ya kudai kwamba kidonge si pombe. Na imepokewa kwamba mwenye kujitia katika utabibu ilhali hajulikani kwa elimu hiyo, yeye ndiye mdhamini wa madhara yatakayotokea. Hadithi hii inamhusu moja kwa moja mwenye duka anayemweka kaunta kijana asiyesomea, akampa funguo na bei, asimpe mafunzo.

Wazee wetu walilichukulia jambo hili kwa uzito. Al-Biruni, katika uzee wake, aliandika kitabu kizima juu ya saydala, yaani elimu ya dawa. Na ash-Shayzari wa Sham, katika karne ya 12, alipoandika kitabu cha hisba kwa ajili ya wasimamizi wa masoko, aliwawekea wauza dawa mlango wao peke yao, akaeleza namna afyuni na dawa nyingine zinavyoghushiwa, akamtaka muhtasibu awachungue mara kwa mara na kuwaonya. Leo kazi ya muhtasibu imo mikononi mwa Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, pamoja na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Lakini mkaguzi huja akaondoka. Anayebaki pale kila siku ni mfamasia na Mola wake.

Mfamasia afanye nini?

Kwanza, adai cheti cha daktari kwa kila dawa ambayo sheria imeitaka cheti, na akisome. Atazame jina, tarehe, sahihi na muhuri. Akitilia shaka apige simu hospitali kilikotoka. Na akishatoa dawa akitie alama, kwa sababu cheti kimoja kisichotiwa alama kinaweza kuzunguka maduka matano kwa siku moja.

Pili, aziweke dawa hizi katika kabati lenye kufuli, na aziandike katika daftari: zilizoingia, zilizotoka, na aliyepewa. Hesabu isiyolingana imfichulie mwizi wa ndani kabla hajawa mtaji wa kijiwe.

Tatu, aulize. Dawa ni ya nani? Ana umri gani? Anaumwa nini, na tangu lini? Mgonjwa wa kweli hufurahi kuulizwa; mwenye nia nyingine hukasirika au hukimbia. Na asimpe mtoto dawa hizi kwa hali yoyote. Nasema hili kwa sababu mmoja wa wanafunzi wetu wa madrasa, mtoto wa miaka kumi na miwili, alitumwa na wakubwa wa kijiweni akiwa na kikaratasi kilichoandikwa jina la dawa. Muuzaji alimhesabia vidonge, akamfungia katika kipande cha gazeti, akamrudishia chenji. Hakumwuliza hata neno moja. Duka silitaji, kwani kusudio langu si kumfedhehesha mtu. Lakini kila msomaji mwenye duka na ajiulize kama kaunta yake ingemwuliza mtoto yule lolote.

Nne, aeleze. Mgonjwa aambiwe kwa lugha anayoifahamu kwamba dawa hii ni ya siku kadhaa tu, isichanganywe na ile, isigawiwe jirani, na itakayobaki irudishwe. Wapo watu wazima wenye heshima zao, akina mama na wazee, walioingia katika uraibu bila kukanyaga kijiweni, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia waache.

Tano, asimfukuze mraibu kama mbwa. Kumnyima dawa ni wajibu. Kumtukana si wajibu. Amvute pembeni, amwambie kwa upole kwamba anaijua hali yake, na amwelekeze katika kliniki. Huenda neno hilo likawa ndilo neno jema la kwanza alilolisikia mwaka mzima.

Sita, wafamasia wa mji mmoja waungane. Mwenye cheti bandia akikataliwa Ngamiani asikipokelewe Chumbageni. Simu moja baina ya wenzao inatosha.

Vijijini, katika wilaya za Mkinga, Muheza na Pangani, famasi kamili ni adimu, na watu hutegemea Duka la Dawa Muhimu. Mpango huo ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 umewapa wauzaji mafunzo na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuziuza. Heshima ya maduka hayo imo katika kutoivuka orodha. Anayeivuka kwa siri anakiuza kijiji chake kizima.

"Nisipomwuzia mimi, atamwuzia jirani"

Hii ndiyo hoja inayosemwa sana, nayo haina uzito mbele ya Allah, kwa kuwa kila mmoja atafufuliwa na amali yake, wala si ya jirani. Lakini natambua kwamba nyuma yake pana jambo la kweli. Mara nyingi anayesimama kaunta ni binti wa mshahara mdogo, na mwenye duka hukaa mbali, akija jioni kuuliza swali moja tu: leo yameuzwa mangapi? Binti akimkatalia mteja, hulaumiwa, akiuza, husifiwa, wakaguzi wakija, yeye ndiye anayetetemeka.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba lawama yetu ianze kwa mwenye mali. Atamke mbele ya wafanyakazi wake kwamba fedha za vidonge vya kulevya hazitaki, na kwamba hatamfukuza mtu kwa kukataa kuuza. Asipolitamka hilo, basi ukimya wake ni amri.

Hata hivyo tusiruke kutoka kosa hili tukaangukia jingine. Wapo wanaoogopa dawa hizi hata wakamnyima mwenye saratani mofini yake, akafa katika mateso ambayo Allah alikwisha kuyajaalia tahafifu. Hiyo nayo ni dhulma. Dini yetu ni ya wastani: haki ya mgonjwa isiliwe kwa hofu ya mraibu, na mraibu asilishwe sumu kwa kisingizio cha mgonjwa.

Dirisha la methadoni

Lipo dirisha moja ambapo mfamasia hatakiwi kuzuia bali kutoa, nalo ni dirisha la methadoni. Tiba hii ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikaenea katika mikoa mingine, na Tanga nayo imepata kliniki yake. Kidongo Chekundu, Unguja, ilianza mwaka 2015, na mwaka huo huo Malindi kwa upande wa Kenya. Mgonjwa hufika, hupimiwa dawa ya maji kwa kiwango alichopangiwa, huinywa mbele ya mtoaji, kisha huenda zake. Dawa hukaa mwilini siku nzima, humwondolea arosto, wala kwa kiwango sahihi haimpi ulevi. Asiyekuwa na arosto hana haja ya kuiba. Anaweza kufanya kazi, na anaweza kusimama katika swala akijua anachosema.

Nimesikia katika baadhi ya misikiti wakiambiwa vijana hawa: "Mmebadilisha unga kwa unga." Ndugu zangu, tumche Allah katika ndimi zetu. Mwenye kunywa dawa kwa kipimo, chini ya uangalizi, ili aokoe nafsi yake, hawi sawa na mlevi. Wanavyuoni wamejadili tangu zamani kutumia banji, mmea unaopoteza fahamu, wakati wa kukata kiungo kilichooza, na wapo wengi walioruhusu. Mtu anayekatwa uraibu wa miaka kumi naye anakatwa kiungo.

Ziko na sindano. Anayejidunga akikosa sindano safi huazima ya mwenzake, na makadirio yaliyofanywa Tanzania Bara katika muongo wa 2010 yalionesha kuwa kiasi cha theluthi ya wanaojidunga walikuwa na virusi vya UKIMWI. Wengi wao wana wake na watoto. Naelewa kwamba wapo watakaonipinga, lakini rai yangu ni kwamba mfamasia anayemwuzia sindano mpya mtu aliyekwisha kuzama, huku akimnasihi na kumwelekeza hospitali, amechagua dhara jepesi ili kuliepusha dhara zito. Wenye elimu zaidi walijadili hilo kwa dalili, si kwa makelele.

Na Ramadhani? Wanywaji wa methadoni ni wagonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake. Lakini wengi wao wanatamani kufunga, na dawa inayonywewa mara moja kwa siku huenda ikawezekana kunywewa baada ya futari, kama saa za kliniki zitaruhusu na daktari akiridhia. Masheikh wetu na wafamasia wa kliniki wakae meza moja kabla ya Shaabani, ili kijana asilazimike kuchagua peke yake baina ya saumu yake na uzima wake.

Jamaa wa msikiti nao

Mfamasia hawezi kusimama peke yake. Mzazi asimtume mtoto dukani kununua dawa ya usingizi, wala asiache vidonge vilivyobaki juu ya kabati. Kamati ya msikiti imwalike mfamasia wa mtaa, baada ya swala ya Ijumaa, aeleze dawa hizi kwa dakika kumi. Watu watamsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi walimu. Mwenye kujua duka linalouza vidonge gizani amnasihi mwenyewe kwanza kwa siri. Akikaidi, taarifa ipelekwe kwa wahusika, wala huko si kusengenya bali ni kuzuia munkari. Na kijana aliyerudi, apewe nafasi katika safu. Akikuta kila mtu anaweka mkono juu ya mfuko wa kanzu yake, atarudi walikompokea bila ya kumshuku.

Aya ya 32 ya Suratul-Maida inafundisha kwamba kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote. Mfamasia hupewa fursa hiyo mara nyingi kwa siku moja, naye hana haja ya silaha wala cheo: anahitaji tu kuuliza swali, kushika daftari, na kukubali kupoteza faida ndogo.

Tunamwomba Allah awape wafamasia wetu uthabiti, awaponye vijana wetu, na azibariki biashara zilizo safi. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahit-tawfiq.